Kengele Moja, Mikono Miwili

Kidole cha mtu kikivunjika hakilii kama kijiti. Wanaosema hivyo hawajasikia. Hulia kama ganda la karanga likiminywa ndani ya kitambaa, na kinachopiga kelele ni mwenye kidole.

Mimi nilisikia nikiwa safu ya pili studio, mkoba mapajani, nimevaa gauni langu la kutokea. Kidole kilikuwa cha karani wa posta, bwana mwembamba mwenye miwani. Aliyekivunja alikuwa binti yangu wa kumzaa mwenyewe. Watu walipiga makofi na mimi nikapiga. Nalisema hili mapema, wajukuu zangu, msije mkadhani bibi yenu alikuwa pembeni akisikitika.

Kipindi chenyewe kilianza kwa adabu. Wawili wanakaa mezani wakitazama ubao. Kwanza raundi mbili za herufi. Mshiriki anaomba, "Irabu, tafadhali. Konsonanti. Konsonanti tena," mpaka zinatimia tisa. Saa inahesabu nusu dakika, kila mtu anaandika kwenye karatasi yake neno refu kuliko yote awezayo kulipata. Mwenye neno refu anachukua alama moja kwa kila herufi, mwenye fupi anakula hewa. Kisha raundi ya namba: namba sita, na jumla ya kufikiwa kwa kuzidisha, kujumlisha, vyovyote uwezavyo. Anayeikaribia zaidi anapata kumi. Mwisho fumbo. Mtangazaji anatega kitendawili, na anayewahi kupiga kengele ndiye anayejibu. Kila mmoja alikuwa na kengele yake ya shaba, kama zile za kaunta za hoteli.

Nyumbani tulikipenda kipindi hicho kama watoto wanavyopenda ukoko. Tulikata herufi za kadibodi, tukazitia kwenye beseni, tukawa tunacheza wenyewe. Mimi nilitega vitendawili. Binti yangu, fundi mwashi, alikuwa mkali wa namba, maana anayehesabu matofali ya ukuta kwa jicho hahitaji karatasi. Mke wa mwanangu, mshonaji, alikuwa mkali wa maneno. Mawifi wengine hula sahani moja huku wameshika visu chini ya meza. Hawa wangu walikula sahani moja kwa sababu hakuna aliyetaka kuosha mbili. Wakati huo walikuwa hivyo.

Kilichoharibu mambo ni kitu kidogo. Siku moja kengele moja ilikufa katikati ya kurekodi. Sheria za mchezo ziliandikwa kwenye kadi, na kadi ilisema kengele zisipokuwepo washiriki waandike majibu yao kwenye karatasi. Lakini kengele moja ilikuwepo. Fundi wa studio, mtu wa kutaka kwenda nyumbani mapema, aliichukua ile nzima akaiweka katikati ya meza. "Mtagawana," alisema.

Jioni ile kinyozi mmoja na muuguzi mmoja walipigana vibao vya mikono wakiwania kengele. Walicheka, wakaombana radhi. Kesho yake mji mzima ulikuwa unawazungumzia. Bosi wa kipindi, mzee mnene mwenye sauti ya kubembeleza, hakuitengeneza ile kengele ya pili tena. Tena akaongeza: fumbo halitakuwa na alama tano, litakuwa na ishirini.

Hapo tazameni hesabu. Zamani mtu aliyeshinda herufi na namba alikuwa ameshinda, fumbo likabaki kuwa la kuchekeshana tu. Sasa unaweza kumwacha mwenzako nyuma kwa alama kumi na tano, na bado kila kitu kikaamuliwa na nani mkono wake mzito. Watu wale wale, meza ile ile, maneno yale yale. Umebadilisha raundi moja tu, na umewabadilisha watu.

Binti yangu alipokwenda mara ya kwanza alirudi na mchubuko mrefu wa pete ya mpinzani wake, ingawa alishinda. Alikaa jikoni akiutazama mkono ule.

"Mama, nimegundua kitu," aliniambia. "Wote wanaikimbilia kengele. Wajinga. Unapiga kwanza mkono wa mwenzako, ndipo unapiga kengele. Mkono kwanza, kengele baadaye."

"Hayo ni mashindano ya maneno, mwanangu, au ya ng'ombe?"

"Ya chumba, mama. Wewe unasahau zawadi."

Zawadi ilikuwa chumba cha biashara barabara kuu, kodi ya miaka miwili imeshalipwa. Bingwa akishinda michezo mitano mfululizo anakabidhiwa ufunguo. Akitokea mtu wa kumng'oa katika mchezo wa tano, basi ufunguo ni wa huyo. Binti yangu mgongo ulikuwa umeanza kumkataa. Alitaka auze saruji na misumari akiwa amekaa kwenye kiti kama watu wengine. Hilo silo la kumlaumu.

Mchezo wa pili alimng'oa mwalimu kucha. Mchezo wa tatu alimtegua mchungaji mmoja mkono, na yule mtumishi wa Mungu akatamka neno ambalo kamusi ya kipindi haikuwa nalo. Wa nne ndio ule wa karani wa posta. Bosi alimpa jina, Nyundo, akaliandika kwa taa ukutani, nyuma ya kiti cha bingwa. Watu wakaja na nyundo za maboksi, wakizipunga hewani. Nilimwona binti yangu akizitazama akatabasamu, na tabasamu lile sikulijua. Nilimzaa mimi, lakini lile sikumzaa nalo.

Ndipo barua ikaja nyumbani, na haikuja kwake. Ilikuja kwa mkwe wangu. Alikuwa ameandikisha jina mwaka mzima uliopita, zama za kengele mbili, akasahau. Sasa zamu yake ilikuwa imefika: mchezo wa tano, dhidi ya bingwa. Fomu ilikuwa na swali, "Je, una uhusiano na mshiriki yeyote?" Naye kwa uaminifu wake alijibu walipompigia simu, "Ndiyo, bingwa wenu ni wifi yangu." Nasikia bosi alicheka mpaka akakohoa.

Nyundo alikuja siku ile ile, suruali imejaa vumbi la saruji. Hakukaa.

"Wifi, jitoe."

"Jitoe wewe," mkwe wangu alijibu bila kuinua macho kwenye cherehani. "Umeshapigwa picha za kutosha. Mpaka mbuzi wa jirani wanakujua."

"Sitanii."

"Na mimi natania? Nashona sare za shule kwenye korido, dada. Wateja wanavua nguo nyuma ya mlango wa choo ili nipime. Nikipata kile chumba nitaweka pazia. Pazia tu! Ndiyo ndoto yangu, usinicheke."

Nyundo aliokota kibanio cha nguo, cha mti, kilichokuwa dirishani. Alikiweka mezani mbele ya wifi yake. Akakipiga kwa kiganja mara moja tu. Waya uliruka ukampata mwanangu wa kiume shavuni, naye alikuwa amekaa zake na kikombe cha chai. Kibanio kilikuwa unga.

"Hicho ni kidole," Nyundo alisema. "Mimi nikiwa pale sioni wifi, sioni nani. Naona mkono. Nakuomba."

Mwanangu alisimama, damu kidogo inamtiririka shavuni. Yeye ni dereva wa lori, mpole kama gunia la pamba, lakini pamba nayo hushika moto. "Ukimgusa mke wangu mkono wa kulia," alimwambia dada yake, "nitasahau kwamba tulinyonya ziwa moja."

"Mlinyonya kwa zamu," nilisema. "Na wote mliniuma. Kaeni chini."

Hawakukaa. Nyundo alitoka akaubamiza mlango, picha ya babu yenu ikaanguka ikapasuka kioo.

Nataka mwelewe mkono ule wa kulia wa mkwe wangu ulikuwa nini. Lori la mume wake lilikuwa bovu kwa mwezi wa tatu sasa. Watoto watatu walikula, walivaa, walisoma kwa mkono ule. Wa kushoto unasukuma kitambaa, lakini wa kulia ndio unaoongoza, unaokata, unaotia uzi. Ukivunjika, hakuna chumba wala pazia litakalowalisha. Alilijua hilo. Na bado akaenda. Mtu aliyechoka korido huwa hivyo.

Siku ya kurekodi waliwekwa kwenye chumba kimoja cha kuvalia, kwa makusudi, kamera ndogo imewashwa kwenye kona. Bosi alitarajia matusi. Hawakupeana hata hayo. Mmoja alitazama kioo, mwingine ukuta, mimi katikati nimekaa kama mpaka wa mashamba.

Saa ilipokaribia, Nyundo alivuta pumzi ya hasira na kifungo cha blauzi yake, cha kifuani, kikaruka kikagonga kioo.

"Aa!" alisema, akashika blauzi kwa mikono miwili. Sauti ilikuwa ya yule msichana wangu wa zamani.

Mkwe wangu aliokota kifungo sakafuni. Kisha akafungua mkoba wake. "Njoo hapa. Huwezi kwenda kuua watu kifua wazi."

Alikuwa na uzi wa kijani tu. Alikishona kile kifungo akiwa amepiga goti, uso karibu kabisa na kifua cha wifi yake, akakata uzi kwa meno. Kisha akafanya anachofanya kila siku ya maisha yake. Alichomeka sindano, na mkia wake wa uzi wa kijani, kwenye pindo la mkono wa kulia wa nguo yake. Wengine huchomeka kifuani. Yeye kwenye pindo la mkono, tangu alipokuwa akijifunza. Nyumbani nimeshachomwa mara mia nikimsalimia. Nilimwona akiichomeka. Niliona kwa macho yangu haya, na sikusema kitu, kwa sababu nani humwambia kuku kwamba ana manyoya?

"Asante," Nyundo alisema, akitazama pembeni.

"Usinishukuru. Nimekaza kidogo. Ukipumua sana kitakuzuia."

Wakaitwa.

Ukumbi ulikuwa umejaa, nyundo za maboksi zimeinuliwa kama mtama shambani. Mtangazaji, kijana wa meno mengi, alipaza sauti: "Wifi kwa wifi! Nani atabaki na vidole?" Bosi alikuwa amesimama nyuma ya kamera, mikono mfukoni. Kwenye meza ndogo ya pembeni alikaa mwalimu mstaafu wa kamusi, bibi mwenzangu, na ile kadi ya sheria mbele yake. Tangu kengele moja ianze, hakuna aliyekuwa ameisoma.

Raundi ya kwanza. Herufi zikatoka: K, A, M, P, O, I, G, A, N. Saa ikahesabu. Mimi mwenyewe nilipata "pika" nikaona nimemaliza.

"Herufi sita," Nyundo alisema. "Pigana."

Ukumbi ukanguruma. Aliinua ngumi.

"Nane," mkwe wangu alisema taratibu. "Mapigano."

Nane kwa bila. Raundi ya pili: M, O, T, A, R, F, A, L, I. Mkwe wangu aliandika "tofali". Nilimwona akiandika, macho yake yanaikimbilia ile kengele katikati ya meza. Hofu hula herufi. Nyundo alitoa cheko.

"Wifi amechukua moja. Mimi ni mwashi, nabeba yote. Matofali."

Nane kwa nane. Namba: sabini na tano, nane, sita, nne, tatu, mbili. Wafike mia sita thelathini na tisa. Hapa niliona binti yangu akijiegemeza kwenye kiti kama mtu aliye sebuleni kwake. Alimaliza saa ikiwa nusu.

"Mia sita thelathini na nane," alisema. "Sabini na tano mara nane, mia sita. Sita na tatu, tisa, mara nne, thelathini na sita. Ongeza mbili. Moja pungufu, hakuna anayeweza kupita hapo."

"Sabini na tano mara nane, mia sita," mkwe wangu alisema, akisoma karatasi yake kama anayesoma vipimo vya mteja. "Nne na mbili, sita, mara sita, thelathini na sita. Ongeza tatu. Imetimia."

Tofali moja! Nilimwona binti yangu akiutazama ubao wa alama, kumi na nane kwa nane, mishipa ya shingo imesimama. Zamani hapo tungepeana mikono, twende zetu nyumbani. Sasa ndipo mchezo ulikuwa unaanza.

Taa zilipunguzwa. Kengele ikamulikwa peke yake. Wakasogezwa, magoti kwa magoti, mkono wa kulia wa kila mmoja mezani. Watu walianza kuhesabu kwa miguu sakafuni, ndu, ndu, ndu. Mkwe wangu alinitafuta kwa macho akanipata. Nikaukumbatia mkoba wangu.

"Kitendawili!" mtangazaji alipaza sauti.

"Tega!" ukumbi ukaitika.

"Nyumba yangu haina..."

Hakufika mbali. Mkwe wangu aliurusha mkono kuelekea kengele, na Nyundo akaushusha wake kutoka juu, mkono mzima, kama anayepasua tofali bovu. Ulimkuta kwenye kifundo. Nilisikia lile ganda la karanga. Lakini mayowe yalikuwa mawili.

Nyundo alisimama ameshika kiganja chake. Damu ilikuwa inachuruzika mpaka kiwikoni. Katikati ya kiganja palikuwa na kitobo cheusi, na sindano ilikuwa imevunjikia ndani.

"Ameniwekea sindano!" alipiga kelele. "Nyoka huyu! Ameniwekea sindano mkononi!"

Alimrukia. Meza ilipinduka, ubao wa herufi ukaanguka, irabu zikatapakaa sakafuni kama meno. Alimshika wifi yake shingoni kwa mkono wa kushoto, akambamiza kwenye ule ukuta wa taa wenye jina lake, taa zikapasuka. Mkwe wangu, mkono mmoja unaning'inia, alimng'ata sikio. Ndiyo, yule mpole wa korido, aling'ata hasa, akatema damu, akang'ata tena. Mwanangu aliruka viti vitatu. Alimpiga dada yake ngumi ya mbavu, naye Nyundo akamgeukia akampiga kichwa cha pua. Watu wa safu za mbele walipanda jukwaani, wengine kuamua, wengine kutafuta nafasi. Mtu mmoja alimpiga mtangazaji kwa nyundo ya boksi, na ndani ya boksi kulikuwa na nyundo ya kweli. Ilimpata begani, akaenda chini kama koti lililoanguka msumarini.

"Msizime!" bosi alikuwa anawaambia wapiga picha. "Asizime mtu! Karibu zaidi, karibu!"

Na mimi nilipanda. Nilitumia mkoba wangu, ndani mlikuwa na chupa ya maji, nikawapiga niliowapiga. Nilipofika kwa binti yangu nilimvuta bega. Hakutazama ni nani. Alirudisha kiwiko nyuma, kikanipata mdomoni.

Sikuanguka. Nilisikia tu kitu kigumu juu ya ulimi, kama punje ya hindi iliyokosa kuiva. Nikakitema kiganjani. Lilikuwa jino langu la mbele.

"Mama?" Nyundo alisema.

Mkono wake uliachia shingo ya mwenzake. Mkwe wangu alikaa chini palepale akitafuta pumzi.

Sikuwa na muda wa kulia. Nilimshika binti yangu blauzi, pale kifuani, nikakivuta kile kifungo mpaka akainama. "Nani kakushonea hiki?"

"Mama, unatoka damu..."

"Nimekuuliza! Uzi wa rangi gani?"

Alishusha macho. Alitazama kile kifungo cheupe na msalaba wake wa kijani. Mimi nikainua mkono wa mkwe wangu, taratibu, yeye akauma midomo kwa maumivu, nikaonyesha pindo la nguo yake. Kipande cha sindano kilichobaki kilikuwa kimelala pale na kijimkia cha uzi. Kijani.

"Aliiacha alipokuwa amekupigia magoti," nilisema. "Sindano hii haikukufuata. Wewe ndiye umeipigia nyundo."

Nyundo alikigusa kile kifungo. Sikio lilikuwa linavuja, kiganja kinavuja. Alimtazama wifi yake aliyekaa kati ya herufi, akiushika mkono wake kama mtu anayeshika mtoto wa mwenzake.

Bosi ndiye aliyesema. Alikuja na ile sauti yake ya kubembeleza, akawanyooshea leso kila mmoja. "Mmefanya vizuri sana. Sana! Sasa sikilizeni. Kengele haikulia. Kwa hiyo raundi bado ipo. Tunainua meza, tunafuta damu kidogo, isiwe yote, na tunarudia fumbo. Mikono mezani."

"Mkono wake umevunjika," mwanangu alisema, pua imejaa damu.

"Ana wa kushoto."

Meza iliinuliwa. Fundi wa studio aliileta kengele akaiweka katikati. Mkwe wangu alisimama. Uso ulikuwa wa rangi ya majivu, lakini alikaa kwenye kiti chake, akaweka mkono wa kushoto mezani. Angekataaje? Alikuwa anaongoza kwa kumi, na nyumbani kulikuwa na korido.

Nyundo naye alikaa. Alitazama ule mkono wa kushoto uliowekwa mbele yake, wazi, vidole vimetulia. Watu wakaanza tena na miguu yao, ndu, ndu.

Akanyoosha mkono akaichukua kengele.

"Hairuhusiwi kuishika," bosi alisema.

Aliipiga kwenye kona ya meza. Ililia mara moja, tena kwa sauti nzuri. Aliipiga tena. Aliipiga kwa mkono ule ule wenye sindano, damu ikiruka kwenye kamera, akaipiga mpaka kikombe chake cha shaba kikabonyea, kikachanika, na ulimi wake ukaruka ukaenda kugonga kiatu cha bosi. Alipomaliza aliweka mabaki mezani, akamgeukia yule bibi wa kamusi.

"Mwalimu. Kengele hakuna. Kadi inasemaje?"

Mwalimu alivaa miwani yake bila haraka. Alisoma kwa sauti ya darasani: "Kengele zisipokuwepo, washiriki wataandika majibu yao kwenye karatasi. Wote watakaopata watapewa alama kamili."

"Tuleteeni karatasi," Nyundo alisema.

Bosi alimwinamia. Nilikuwa karibu, nilisikia. "Wewe ni hodari wa hesabu. Una nane, yeye ana kumi na nane. Mkiandika wote mkapata, umepoteza chumba. Unajua?"

"Najua kuhesabu," binti yangu alisema. "Ondoka mbele yangu kabla sijakuhesabu mbavu."

Mtangazaji alikuwa amekalishwa, bega limefungwa kwa skafu ya mtu. Alisoma fumbo la akiba kwa sauti ya mgonjwa. "Mapacha wangu kutwa wananibeba. Nikifika nyumbani nawaacha mlangoni, vinywa wazi."

Saa ikahesabu. Ukumbini zilisikika kalamu tu. Wawili wale waliandika kwa mikono yao ya kushoto, ulimi umetoka pembeni, kama watoto wa darasa la kwanza. Kitendawili kile nilikitega mimi jikoni kwangu miaka mingi kabla ya televisheni kutufahamu. Kimefikaje huko sijui, vitendawili vina miguu. Nilimwona binti yangu amemaliza. Angeweza kuandika jambo jingine, kuonyesha ukarimu. Hakufanya hivyo. Aliandika alichokijua.

Karatasi zikainuliwa. Zote mbili, kwa mwandiko wa kuku: VIATU.

Thelathini na nane kwa ishirini na nane.

Ule ugomvi bosi aliuonyesha kwenye tangazo wiki nzima, mpaka mke wa yule karani wa posta alipokwenda ofisini kwake na vijana wa mtaani, wakavunja walichovunja. Hayo sikuyaona, sitayasimulia. Naambiwa kipindi kimerudi, na kila mtu ana karatasi.

Chumba kile mnakijua, ndicho mnachokwenda kupimiwa sare. Lakini mwezi wa kwanza mkwe wangu alikuwa na plasta toka kwenye vidole mpaka kiwikoni, na sare hamsini zilikuwa zinasubiriwa. Asubuhi ya kwanza aliyefungua mlango alikuwa Nyundo. Kiganja kilikuwa kimeshonwa nyuzi sita, vidole viwili vimekataa kukunja, na mpaka leo havikunji. Tofali hajashika tena. Alivuta kigoda akakaa upande wa pili wa cherehani.

"Sukuma kitambaa," alisema. "Mimi nitazungusha gurudumu."

"Kwa mkono wa kushoto?"

"Wewe una upi mwingine?"

Nilikuwa nimekaa nyuma ya lile pazia lao jipya nikikunja kola. Niliwasikia wakihangaika kutia uzi, mmoja ameshika sindano, mwingine uzi, mikono ya kushoto miwili, inakosana hewani kama walevi.

"Shikilia vizuri!"

"Nimeshikilia. Wewe ndiye unatetemeka, mla masikio."

"Sogeza. Sogeza! Unanichoma!"

"Sasa umejua inavyouma," Nyundo alisema.

Hapo nikaacha kukunja. Nilishika kopo la vifungo, tayari kuwarushia. Kisha mkwe wangu akapumua kwa nguvu puani, kama anayezuia cheko.

"Ulambe kwanza huu uzi, wifi," alisema. "Kichwa chake kimechanuka kama chako."